Aptama hutambua kitu kimoja: elimu kwa wanunuzi wa vipimo vya haraka Mwanza

Wananchi wa Kirumba, Buhongwa na hata ng'ambo ya Sengerema wanauliza swali lilelile: je, kitepe cha kupimia cha "teknolojia ya aptama" kinaweza kupima kansa, homa ya ini, taifodi na sukari kwa matone mawili ya mkojo? Hapana. Kitepe kinachodai hivyo hakihitaji hata kufika maabara ili kitiliwe shaka, kwa sababu aptama moja hushika molekuli moja, si magonjwa manne kwa pamoja.

Aptama ni kipande kifupi cha DNA au RNA kilichotengenezwa maabara, mara nyingi chenye nukleotidi (viungo vidogo vinavyounda DNA na RNA) 20 hadi 80. Hakibadilishi vinasaba vya mtu. Nguvu yake iko kwenye umbo. Kikiwa kwenye maji yenye chumvi zinazofaa hujikunja, kikapata mfuko unaoipokea molekuli moja na kuikataa nyingine. Msikifananishe na wavu wa dagaa unaozoa kila kinachopita. Ipo aptama ya RNA, iliyoelezwa mwaka 1994, inayoshika theofilini, dawa ya pumu, takriban mara 10,000 zaidi ya inavyoshika kafeini ya kwenye chai. Molekuli hizo mbili zimetofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu.

Njia ya kuzipata ilichapishwa mwaka 1990 na makundi mawili ya Marekani: Craig Tuerk na Larry Gold huko Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak huko Boston. Mtaalamu huanza na mchanganyiko wa vipande tofauti trilioni 100 au zaidi. Humwaga mchanganyiko huo juu ya molekuli lengwa (ile inayotafutwa) iliyobandikwa kwenye punje ndogo, huosha visivyoshika, huvibandua vilivyoshika, huvizidisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), kisha hurudia, mara nyingi mizunguko 8 hadi 15. Katikati huweka mizunguko ya kukataa: vipande vinavyong'ang'ania punje zenyewe, au molekuli zinazofanana na lengwa, hutupwa. Mtengenezaji akiruka hatua hii hupata aptama inayoshika visivyohusika, na kipimo chake kitasema "ndiyo" kwa watu wasio na ugonjwa wowote.

Tatizo jingine ni chumvi, na hapa ndipo vipimo vingi vya aina hii hukwama. Aptama ya thrombini (protini ya kugandisha damu), yenye nukleotidi 15 tu, hubeba ayoni ya potasiamu katikati ya mkunjo wake. Ikikosekana, umbo hulegea. Sasa chukua aptama iliyochaguliwa kwenye bafa safi (maji yaliyopimwa chumvi na asidi yake), uiweke kwenye mkojo wa mvuvi aliyeshinda mtumbwini bila kunywa maji: huenda isijikunje sawasawa. Vipimo vingine hutumia chembe ndogo sana za dhahabu: zikitawanyika rangi ni nyekundu, zikigandana ni zambarau au bluu. Mkojo mzito wenye chumvi nyingi unaweza kuzigandisha wenyewe, bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana kifaa halali huja na chupa yake ya bafa na idadi kamili ya matone. Kuweka maji ya bomba badala ya bafa ni kuharibu kipimo.

Kuhusu joto, wauzaji husema nusu ya ukweli. Aptama ya DNA ikichemshwa hadi nyuzi 95 na kupozwa taratibu kwenye bafa yake inaweza kujikunja upya, wakati kingamwili (protini ya kinga inayotumika kwenye vipimo vingi vya haraka) ikipikwa imepikika. Lakini kitepe ni zaidi ya aptama: unyevunyevu wa mwambao huu huharibu utando wake. Fungua pakiti wakati wa kupima, si asubuhi kwa ajili ya wateja wa siku nzima.

Kwenye tiba zipo dawa za aptama: pegaptanib iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 na avacincaptad pegol mwaka 2023. Zote mbili ni sindano za ndani ya jicho, kwa magonjwa ya retina. Aptama ya kumeza bila kinga yoyote humeng'enywa kama DNA iliyomo kwenye sato uliyekula jana. Na kwa taarifa tu, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na kipimo cha mkojo cha CCA, kinachotafuta dalili ya minyoo ya kichocho, hutumia kingamwili.

Kisheria, kipimo cha ugonjwa ni kifaa tiba, na kinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Kipeperushi, risiti ya forodha au cheti cha kiwandani havichukui nafasi ya usajili. Kabla ya kununua, soma kwenye boksi jina la kifaa, mtengenezaji na nchi yake, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kisha linganisha na orodha ya TMDA herufi kwa herufi, pamoja na namba ya modeli. Jina linalokaribiana si usajili. Ukikuta kasoro usitupe kitu: hifadhi boksi, karatasi ya maelekezo na risiti, uvipeleke ofisi ya TMDA ya kanda yako au kwa mfamasia wa halmashauri yako. Mkaguzi akithibitisha, bidhaa hukamatwa kwa kuandikishiana, inaweza kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, na muuzaji anaweza kufikishwa mahakamani. "Sikujua" haimrudishii mtu mzigo wake.

Aliyekwisha kupimwa kwa kitepe cha namna hii asianze wala kuacha dawa. Aende kituo cha afya apimwe upya kwa sampuli mpya. Kitepe cha zamani, hata kama kimeonyesha mstari baada ya saa tatu, hakisomwi tena: muda wa kusoma ukishapita, mstari huo si majibu.