Mlima wa bluu si kosa la mchoraji

Kwenye maduka ya picha hapa Moshi mjini nasikia watu wakiihukumu picha ya Kilimanjaro kabla hawajaitazama vizuri. Inaniuma, maana wanaacha utamu wote ukutani.

Dhana: Msitu wa mlimani ni wa kijani, kwa nini kaupaka bluu? Hajui kazi.

Ukweli: Anajua, tena ametazama. Kati ya jicho na mlima pana kilometa nyingi za hewa, na hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Toka nje alfajiri, mawingu hayajaufunika: migomba ya jirani ni kijani kibichi, miti ya mbali imepauka, msitu wa juu ni bluu iliyochanganyika na kijivu. Ukiupaka msitu ule kijani cha migomba, Kibo, kilele chenye mita 5,895, itasogea mpaka nyuma ya nyumba, kama kichuguu. Ule ukimya unaousikia mbele ya picha nzuri ya mlima unatokana na umbali huo.

Dhana: Rangi za giza ni huzuni.

Ukweli: Wingu jeusi la Machi, kwa mkulima wa Kibosho, ni masika yamefika. Angalia kwanza mwanga unatokea wapi, mbingu imepewa nafasi kiasi gani, brashi imepita taratibu au kwa haraka. Julai 1890 huko Ufaransa, Vincent van Gogh alichora mashamba ya ngano chini ya mbingu iliyochafuka. Wengi hushikilia kwamba kunguru wa moja ya picha hizo ni kifo, na kwamba hiyo ndiyo picha yake ya mwisho. Watafiti wengi wanaitaja nyingine, ya mizizi ya miti. Naye kwenye barua alisema mashamba hayo yana huzuni na upweke, na pia uzima anaouona shambani. Vyote viwili kwa pamoja.

Dhana: Kupaka kwa kisu bapa ni uvivu.

Ukweli: Isogelee picha ukiwa ubavuni mwake. Theluji imewekwa kwa mkwaruzo mmoja mnene, na ukingo wake unadaka mwanga wa dirishani. Mkono ukitetemeka, inabidi kukwangua na kuanza upya.

Dhana: Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, ikiwa kushoto, picha imegeuzwa.

Ukweli: Kutoka Moshi iko kulia. Kutoka Amboseli, Kenya, iko kushoto, na mara nyingi tembo wanakuwa mbele yake. Huo ni mlima ulioonwa kwa mgongoni.