Ufundi bati si kugonga tu

Wengi hapa Moshi huamini kwamba ufundi bati ni kugonga tu, kimbilio la aliyeshindwa shule, na kwamba wiki mbili zinatosha kuujua. Si kweli, na inaniuma kusikia kazi hii ikidharauliwa hivyo.

Kijana anayeanza hakabidhiwi mkasi. Anafagia vipande, ananyoosha bati zilizopinda, anashika upande wa pili fundi akikata. Kinachochelewa kuingia kichwani ni vipimo. Chukua kopo la kupimia nafaka, kitako chake kina upana wa sentimita 28. Zidisha kwa 22/7, unapata 88, urefu wa bati la kuzungushia. Ukikata 88 kamili umeshaharibu bati, maana pindo la milimita 6, kingo mbili zikikunjwa na kunasana kama vidole, hula karibu sentimita 2 zaidi. Hapo hujagonga hata mara moja!

Lehemu ya kuungia bati nayo ina masharti yake: bati lenye mafuta au kutu haliishiki, hata uimwage.

Na huyo "aliyeshindwa shule"? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, bila kuwarudisha darasani kuanza upya.