Majitaka ya viwanda vya chakula yakishushwa ardhini: yanayosemwa na yalivyo

Kiwanda cha jibini, machinjio, kiwanda cha samaki: vyote vina shida moja ya kila siku, nayo ni maji ya kuoshea. Marekani, baadhi ya viwanda vilivyo mbali na mfumo wa majitaka wa mji huyashusha maji hayo ardhini. Sheria inayosimamia jambo hilo ni ile ya Maji Salama ya Kunywa ya mwaka 1974, na kanuni za visima vya kuingizia majitaka zipo tangu 1980 chini ya Shirika la Kulinda Mazingira, EPA. Watu wengi huzielewa kanuni hizo ndivyo sivyo, hata wanaopaswa kuzifuata.

“Ni mabaki ya chakula, yatamdhuru nani?”

Dhana hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana wanaoisema huwa na nia njema. Chukua maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. Ukiyaonja ni matamu kidogo, yana sukari ya maziwa na protini. Lakini oksijeni ambayo bakteria huihitaji ili kuyaozesha hufika miligramu 30,000 hadi 50,000 kwa lita, wakati majitaka ya majumbani huwa kwenye 200 au 300. Damu ya machinjioni huyapita hata hayo. Ongeza chumvi ya jibini, dawa kali za kusafishia mabomba, na nitrojeni iliyo ndani ya protini, ambayo ikishaingia ardhini inaweza kugeuka naitreti. Ukomo wa naitreti katika maji ya kunywa Marekani ni miligramu 10 kwa lita, ikihesabiwa kama nitrojeni, na uliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga. Ikizidi, damu ya mtoto wa chini ya miezi sita inaweza kushindwa kubeba oksijeni, na ngozi yake ikaanza kuwa na rangi ya bluu. Na yote hayo yanaweza kuanzia kwenye mabaki ya nyama na maziwa.

“Udongo utayachuja.”

Udongo huzuia chembechembe na bakteria wengi. Chumvi iliyoyeyuka hauizuii, na naitreti husafiri na maji. Tena kuna baya ambalo halionekani kwa macho. Uchafu mwingi wa chakula ukimwagwa mahali pamoja, vijidudu humaliza oksijeni iliyomo ardhini, kisha huanza kutumia madini ya chuma na manganizi ya udongo wenyewe ili viendelee kuishi. Madini hayo yakiyeyuka huiachia aseniki, ambayo ni sumu, iliyokuwa imeshikamana nayo. Hivyo kisima cha jirani kinaweza kuingiwa na aseniki ambayo kiwanda hakijawahi kuitumia. Huko Michigan, metali zimeyeyuka kwa njia hii chini ya mashamba yaliyomwagiwa majitaka ya viwanda vya matunda.

California nako, katika bonde la San Joaquin, kiwanda cha Hilmar Cheese kilikuwa kikimwaga majitaka yenye chumvi mashambani. Mwaka 2005 bodi ya maji ya eneo hilo ilipendekeza faini ya dola milioni 4, na shauri likaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 3. Baadaye kiwanda kilipata kibali cha EPA cha kuyashusha majitaka hayo kwa visima virefu.

“Hapa hatuna kisima, tuna karo tu.”

Kanuni hutazama umbo na matumizi, si jina. Shimo lolote ambalo kina chake kinazidi upana wake, likitumika kuingizia maji ardhini, ni kisima. Mabomba yenye matundu yanayosambaza maji chini ya udongo nayo yamo. Karo dogo linalopokea maji ya vyooni peke yake, na linalohudumia watu wasiofika 20 kwa siku, limeachwa nje ya kanuni hizi. Machinjio madogo yakielekeza maji ya kuoshea nyama kwenye karo hilohilo, hata kama wafanyakazi ni watatu, wenyewe tayari wana kisima cha kundi la tano, mojawapo ya makundi ambayo kanuni huvigawia visima. Wanapaswa kutoa taarifa zake kwa mamlaka, na hawaruhusiwi kuhatarisha maji ya kunywa. Mamlaka ikiona hatari, inaweza kudai kibali rasmi au kuamuru kisima kifungwe.

“Kisima kirefu ndicho cha kuogopwa.”

Visima virefu vya majitaka, yaani vya kundi la kwanza, ni takriban 800 nchi nzima. Vile vya kundi la tano vinazidi 500,000, vingi vikiwa vifupi, na baadhi humwaga maji juu kabisa ya miamba ambayo watu huchota maji yao. Mimi ningeanza ukaguzi huko. Kisima cha kundi la kwanza hushusha maji chini ya mwamba wa mwisho wenye maji yanayofaa kulindwa. Majitaka hupita katika bomba lililo ndani ya bomba jingine la chuma, lililozungushiwa saruji. Nafasi kati ya mabomba hayo mawili hujazwa kimiminika, na geji huisoma presha yake muda wote: ikibadilika bila sababu, huenda kuna bomba linalovuja. Kwa majitaka yasiyohesabiwa kuwa ya hatari, uimara wa kisima hupimwa upya angalau kila miaka mitano. Presha ya kusukumia nayo ina ukomo, ili mwamba usipasuke.

“Maji ya chumvi ya huko chini hayana faida kwa mtu.”

Maji yenye chumvi na madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 10,000 kwa lita yanalindwa, yakiwa ya kutosha kuhudumia mfumo wa maji wa umma. Hayo yanaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko mtu anavyoweza kunywa leo; bahari ina kama 35,000. Waliotunga kanuni waliwafikiria watu watakaohitaji kuyasafisha maji hayo miaka ijayo, na naona walifanya vyema.

“Kiwanda kikifungwa, kisima kimekwisha.”

Kisima cha kundi la kwanza kikistaafishwa, mwenye nacho hukiziba kwa saruji kwa mpango uliokubaliwa tangu wakati wa kibali. Na tangu wakati huo lazima aoneshe kwamba fedha za kazi hiyo zipo, ili kampuni ikifilisika, gharama isiwaangukie wanaokunywa maji ya jirani.