Kufundisha akili unde maktabani: anzeni na marejeleo

Mafunzo mengi ya akili unde vyuoni huanza kwa kumwonesha mwanafunzi namna ya kuiuliza programu swali zuri. Wakutubi hatuna sababu ya kuanzia hapo. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, mbinu za kuuliza zimebadilika kila programu inapoboreshwa, na tunazofundisha mwaka wa kwanza zitakuwa zimechakaa mwanafunzi akifika mwaka wa tatu. Kazi ya dawati la huduma kwa wasomaji ni ileile: kujua kama rejeleo lipo, lipo wapi, na kama linasema kile linachodaiwa kusema. (Naandika akili unde, wengine husema akili mnemba. Darasani chagueni moja, ila katika katalogi mwekeeni msomaji zote mbili.)

Kipindi kimoja cha saa mbili kinatosha kwa hatua ya kwanza. Wanafunzi wasizidi 24, wakae wawili wawili, kila jozi ipewe karatasi yenye marejeleo 10. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni huu: manne ya kweli, matatu ya kubuni kabisa, mawili chotara, na moja la makala iliyobatilishwa na jarida baada ya kuchapishwa. Chotara ni lile lenye mwandishi wa kweli na jarida la kweli, lakini kichwa cha makala hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Hilo ndilo linalowanasa wengi. Makala zilizobatilishwa mtazipata katika hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 Crossref, shirika linalosajili nambari za utambulisho za makala, inaitoa bure.

Chapisheni karatasi hizo mapema. Msitegemee kuonesha programu ikibuni marejeleo papo hapo kwenye projekta. Mtandao ukikatika kipindi kimekwisha, na hata usipokatika, swali lilelile likiulizwa mara mbili huweza kuleta majibu mawili tofauti, kwa kuwa programu huchagua kipande cha neno kinachofuata kwa uwezekano. Siku ya onyesho inaweza kujibu sawasawa, na darasa likaondoka likiamini kwamba tatizo lilishatatuliwa.

Sababu ya kubuni ielezwe kwa dakika kumi, isizidi. Rejeleo lina umbo lisilobadilika: jina, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Programu imeliona umbo hilo mara nyingi mno wakati wa kufunzwa, hivyo hulitoa bila kasoro. Lakini makala fulani kuhusu magonjwa ya muhogo Mtwara huenda iliiona mara moja, au haikuiona kabisa. Basi hulijaza umbo kwa majina na maneno yanayoelekea kukaa pamoja. Ndiyo maana makosa huzidi kwenye mada zetu, na huzidi tena swali likiulizwa kwa Kiswahili, lugha iliyo na sehemu ndogo tu ya matini zilizotumika kuifunza. Programu zinazotafuta kwanza mtandaoni hupunguza tatizo hili, ila huja na la kwao: kiungo ni cha kweli, ukurasa unafunguka, lakini dai lililotajwa halimo ndani yake.

Sasa uhakiki wenyewe. Jozi ianze na DOI, ile nambari ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, kwa kuibandika mara baada ya https://doi.org/ kwenye kivinjari. Ikifunguka, kazi haijaisha. Asome kichwa, mwandishi na mwaka, alinganishe na karatasi. Hapa ndipo wengi hukosea: DOI ya kubuni mara nyingine huangukia makala halisi ya mtu mwingine kabisa, na mwanafunzi akiona tu ukurasa umefunguka, anatia tiki. Kama DOI haipo, aende kwenye tovuti ya jarida, afungue juzuu na toleo lililotajwa, aangalie kama kurasa hizo ni za makala hiyo. Kwa vitabu kuna ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu. Zidisha tarakimu 13 kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumlisha, na jumla igawanyike kwa 10 bila baki. Isipogawanyika, nambari ina kosa. Ikigawanyika haijathibitisha kitu, maana nambari iliyotungwa kiholela ina nafasi moja katika kumi ya kupita. Fungu la nchi, yaani tarakimu zinazofuata 978 mwanzoni mwa ISBN, nalo husaidia: 9976 na 9987 ni ya Tanzania, 9966 ya Kenya, 9970 ya Uganda. Kitabu kinachodaiwa kuchapwa Dar es Salaam chenye 9970 kinastahili kutazamwa mara ya pili.

Katazeni jambo moja tangu mwanzo: kuirudia programu na kuiuliza, "Je, rejeleo hili ni la kweli?" Itajibu kwa njia ileile iliyoleta kosa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo miongozo iliyoandikwa kwa vyuo vya Ulaya na Marekani mara nyingi hailigusi, nalo kwetu ni zito. Majarida mengi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1970 na 1980 hayana DOI, na baadhi hayamo mtandaoni kabisa. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri kutilia shaka atalikata rejeleo halali kwa sababu tu Google haikumpa kitu. Kwa hiyo katika yale manne ya kweli, moja lazima liwe la makala inayopatikana rafuni tu: mkusanyiko wa Afrika Mashariki, ripoti ya wizara, au tasnifu iliyojalidiwa. Jozi inyanyuke, ipekue katalogi, ikaishike kwa mkono. Kabla ya kusema rejeleo halipo, apite vituo vinne: Crossref, African Journals Online, hazina ya kidijitali ya chuo husika, na katalogi ya maktaba. Akikosa kote, aandike "halikuthibitishwa", asiandike "la uongo", kisha amlete mkutubi.

Majina nayo yana mtego wake. Juma Hamisi Ali katika mfumo mmoja yuko chini ya Ali, katika mwingine chini ya Juma. Atafute kwa kila jina kabla ya kukata tamaa.

Data binafsi ziguswe kwa ufupi lakini bila kulegeza: mahojiano ya utafiti, orodha za wagonjwa na majina ya watoto havibandikwi kwenye programu ya umma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na idhini aliyosaini mhojiwa kwa kawaida haikutaja seva za kampuni ya nje.

Wahadhiri watakuja maktabani na insha wakitaka kuambiwa kama imeandikwa na mashine. Msikubali kazi hiyo. Utafiti uliochapishwa 2023 na watafiti wa Stanford ulipima vigunduzi saba, yaani programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Wanafunzi wetu ndio hao. OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, yenyewe ilikifunga kigunduzi chake Julai 2023 kwa usahihi mdogo. Mkutubi anachoweza kufanya kwa haki ni kuyahakiki marejeleo ya insha hiyo na kumpa mhadhiri matokeo.

Kupima kama somo limeingia, acheni hojaji za kuridhika. Baada ya wiki nne, ombeni kwa wahadhiri mapendekezo ya utafiti ya darasa lilelile, chukueni marejeleo matano kutoka kila pendekezo, myahakiki kwa vituo vilevile vinne. Tengeni dakika tano kwa rejeleo. Darasa la watu 24 lina marejeleo 120, yaani saa 10 za kazi. Gawaneni wakutubi wawili, na yale ya rafuni myaweke siku moja ili msipande ngazi kila saa.