Biti Ikivunjikia Ndani ya Chuma, Usiitoboe

Zima drili kwanza. Biti ikikatika ndani ya tundu, mkono hukimbilia jambo moja: kuchukua biti nyingine na kuitoboa ile iliyobaki. Nakusihi usifanye hivyo. Biti ya kutobolea vyuma ina ugumu wa kama 62 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C, na hiyo mpya uliyoishika ina ugumu uleule. Itateleza pembeni, itakula chuma kilicho laini kuizidi, na tundu litakuwa na umbo la yai huku kipande kikiwa palepale.

Kila kijana ninayemfundisha kazi namwambia hivi: mara nyingi biti haikushikwa na chuma, imeshikwa na taka zake. Inapotoboa, taka hupanda juu kupitia mifereji miwili iliyojisokota ubavuni mwake. Mifereji ikijaa na kusindilika, ncha hugoma kuzunguka huku mashine ikiendelea kuisokota, ndipo inapokatika. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye usafi. Geuza chuma tundu litazame chini, gonga ubavuni kwa nyundo nyepesi, chokonoa mifereji kwa waya mgumu uliochongoka. Tia mafuta mepesi ya kulegezea kutu. Mimi huyaacha usiku kucha, na si mara moja nimekuta asubuhi kipande kinatikisika kwa kidole.

Kama tundu limetokea upande wa pili, una bahati: kisukume kutoka nyuma kwa pini nyembamba. Kama halikutokea, kumbuka kwamba biti ni ndugu ya skrubu. Huingia ikizungukia kulia, basi itatoka ikizungukia kushoto. Ikiwa imechomoza hata milimita tatu, ishike kwa koleo la kujifunga, izungushe kushoto kidogo, irudishe, kisha kushoto tena. Usiiyumbishe. Biti haipindi, ukiilazimisha pembeni itakatika tena, chini zaidi. Ikiwa imezama, weka ncha ya panchi ndogo (kijiti cha chuma kigumu cha kugongewa kwa nyundo) kwenye ukingo wa mfereji, uigonge polepole kuelekea kushoto.

Wengi husema ipashe moto ilainike. Hapo sikubaliani nao. Biti hizi zimetengenezwa zivumilie joto, na hubaki ngumu hata zikikaribia nyuzi 600 za Selsiasi. Moto husaidia kwa njia nyingine, hasa kwenye alumini, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha, tundu hupanuka zaidi ya biti. Kwenye chuma faida ni ndogo, kwani vyote viwili hutanuka karibu sawa.

Lakini njia niipendayo kuliko zote kwa alumini na shaba ni shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji. Niliikimbilia siku nilipovunja biti ya milimita 3 kwenye kichwa cha injini cha alumini, kazi ya mtu aliyeniamini, na kila nilichojaribu kikazidi kukwaruza. Niliyeyusha shabu kwenye maji ya moto hadi maji yakakataa kupokea zaidi, nikayaweka yafunike kipande, nikayadumisha moto bila kuchemka kwa fujo. Baada ya muda vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye biti peke yake. Maji ya shabu yana asidi ya kutosha kula chuma, ila alumini haiguswi sana. Niliongeza maji kila yalipopungua, na siku ya pili nilichokiona chini ya tundu ni tope jeusi. Tumia chombo cha kioo au cha udongo uliochomwa. Ondoa kila bolti, springi na kipande cha chuma ambacho hutaki kiliwe, na fungua madirisha, maana vile vipovu ni haidrojeni.

Kwenye chuma shabu haifai, ingekula kazi yako yote. Hapo geukia udhaifu wa biti: kitu kigumu kiasi hicho huvunjika kama kioo. Panchi ngumu, mapigo mafupi ya katikati, kisha vuta vipande kwa sumaku. Vaa miwani ya kinga, kwani vipande hivyo huruka kwa kasi na ni vikali. Karakana kubwa zina mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme, njia iliyobuniwa na Boris na Natalya Lazarenko katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1943. Kwa kifaa cha thamani peleka huko, usibahatishe.

Kipande kikitoka, usiingize biti mpya papo hapo. Pitisha sumaku, safisha, angalia kwa tochi hadi chini. Chembe moja ya biti ya zamani ikibaki humo, hiyo mpya nayo itakatika.