Utando unaorudi jichoni mwa mtoto

Mwanangu ana miezi mitano. Kope zimevimba, na nikiifunua ya juu naona kama kinyama cheupe. Mafuta ya tetrasaiklini tumetumia mara tatu. Jirani hapa Mbagala anasema ni macho mekundu tu.

Mzazi, macho mekundu yaliyoisumbua Dar mwanzoni mwa 2024 yalikuwa ya virusi. Mengi huisha yenyewe. Utando kama kinyama hicho, ukikaa miezi, tena mgumu kama kipande cha ubao, unatufanya tufikirie ugonjwa adimu wa kurithi, konjaktivaitisi lignia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini la ubao.

Unatokana na nini?

Jicho likikwaruzwa hata kidogo, mwili hupaka gundi ya fibrini palipoumia, kisha huiyeyusha. Kiyeyushi hicho hutokana na plasminojeni, protini inayotengenezwa na ini. Mtoto mwenye ugonjwa huu anayo kidogo mno, kwa hiyo gundi inarundikana. Kasoro ameipokea kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Basi mawifi wasinyooshee kidole upande mmoja! Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa huu.

Si aukate tu daktari?

Hapo ndipo wengi wanapochoka. Kisu nacho ni jeraha, na jeraha huita gundi nyingine: ukikatwa bila dawa, utando hurudi, pengine mnene zaidi. Dawa iandaliwe kwanza, yaani matone ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ya plazma, maji ya damu yaliyotengwa kwenye damu ya kuchangia, maana ndani yake mna plasminojeni. Baada ya kukata, matone huanza papo hapo, hata kila saa, usiku na mchana, kisha hupunguzwa taratibu. Mtagawana zamu. Damu hiyo hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Chupa zikae kwenye friji. Umeme ukikatika, deli lenye barafu litawafaa. Plasminojeni ya kuingizwa mshipani iliidhinishwa Marekani mwaka 2021.

Nimkamulie maziwa ya mama jichoni?

Hapana. Wala usiuvute utando kwa kitambaa.

Ni jicho peke yake?

Si lazima. Fizi, masikio na njia ya hewa huweza kupata utando, na wengine hujaa maji kichwani. Akikoroma akiwa macho, sauti ikikauka, au kichwa kikikua haraka, msisubiri kliniki. Kwa jicho, ombeni rufaa hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, na daktari wa damu naye amwone. Nenda na picha za simu za kila wiki, zilizopigwa karibu na dirisha, kope ikiwa imefunuliwa.