Dohani Ipo Juu, Meko Hayapo Chini: Kagua Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani

Kabla hujaingia kwenye nyumba unayotaka kununua, vuka barabara, uitazame kwa mbali na uhesabu dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi, zilizo juu ya paa. Kisha ingia uzifuate moja moja kuanzia chini. Dohani ya matofali huanzia kwenye msingi. Hupanda ikiwa ukuta mnene unaotokeza chumbani, wenye meko ya kuota moto, ikapita darini na kutokea juu ya paa. Ukiiona juu, lakini vyumbani ukuta umenyooka tu, basi huenda kuna mtu aliyekata sehemu ya chini. Hapo uliza yale matofali ya juu yamekalia nini.

Uingereza inalijua tatizo hili vizuri. Katika nyumba za enzi ya Malkia Victoria, karibu kila chumba kikubwa kilikuwa na meko ya makaa ya mawe. London ilifunikwa na moshi wenye kuua mwezi Desemba 1952, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. Baadaye mifumo ya kupasha joto nyumba nzima ikaenea, na meko yakawa ya kula nafasi tu. Watu wakayavunja ili wapanue jiko au wapate pa kuweka kabati. Kuvunja chumbani ni kazi ya nyundo na tindo, ilhali kushusha dohani yenyewe kunataka jukwaa na fundi wa paa. Ndiyo maana wengi waliishia kwenye dari.

Mita moja ya ujazo ya ukuta wa matofali ya kuchoma hukaribia tani mbili. Mbao za dari ya kawaida ziliwekwa zibebe dari, hazikuwekwa kwa mzigo kama huo.

Kwa hiyo panda darini na tochi, au mtume mkaguzi wako apande. Ukikuta boriti ya chuma iliyolala juu ya kuta imara pande zote mbili, hiyo ni dalili njema, ila bado dai hesabu za mhandisi. Ukikuta mbao zimepachikwa chini ya matofali, au matofali yananing'inia kwa kushikana na ukuta peke yake, usikubali kuambiwa “imekaa hivyo miaka thelathini.” Mvua hula chokaa iliyo kati ya matofali, upepo huisukuma dohani, na mbao iliyobebeshwa mzigo mzito hupinda polepole mwaka hadi mwaka. Dari iliyobonyea au yenye nyufa, na dohani iliyoinama, ni ishara mbaya. Lakini kutoona nyufa si ushahidi wa usalama, maana chumba kinachouzwa mara nyingi kimeshapigwa rangi.

Kati ya boriti imara na mbao za kupachika kuna mabano ya chuma ya pembetatu yaliyofungwa ukutani kwa bolti. Mimi siyapendi, na idara nyingi za ukaguzi wa majengo zimeacha kuyakubali. Huuvuta ukuta kwa upande mmoja, na ukuta wenyewe huwa ni wa matofali ya zamani, mara nyingi unaotumiwa na nyumba mbili. Kama jirani naye alishavunja meko yake upande wa pili, ukuta mmoja unavutwa huku na huku bila mtu kupiga hesabu.

Kisha kuna makaratasi. Uingereza, kazi ya namna hii huhitaji idhini ya kanuni za ujenzi. Iliyofanywa bila idhini kuanzia tarehe 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa cheti cha kuihalalisha baadaye, na mkaguzi anaweza kutaka dari ifunguliwe aone. Ukuta wa pamoja unaongozwa na sheria ya mwaka 1996, inayomtaka mwenye nyumba ampe jirani taarifa kwa maandishi kabla ya kuugusa. Muuzaji asiye na cheti huenda akakupa bima ya kufidia. Ifahamu bima hiyo: hukukinga na gharama za halmashauri ikichukua hatua za kisheria. Haishikilii tofali hata moja.

Tiba ni mbili: kuweka boriti iliyopigiwa hesabu na mhandisi wa miundo, au kushusha matofali yote yaliyobaki, ya juu ya paa na ya darini, na kuziba paa. Mara nyingi ya pili ndiyo safi zaidi, kwani matofali yakiondoka hakuna tena cha kubebwa wala cha kuvuja. Ila dohani ya pamoja huwa na njia za moshi za nyumba zote mbili. Ukivunja upande wako ovyo unaweza kuziba au kutoboa njia ambayo jirani bado anaitumia, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ikarudi ndani anakolala. Mgongee mlango kwanza.

Yote haya yafanyike kabla hamjabadilishana mikataba. Kisheria, hadi siku hiyo mnunuzi wa Uingereza bado yuko huru kudai matengenezo, kuomba bei ipunguzwe, au kuondoka.